Kahawia Hataki Lori

Mtu akikuambia Dagva ni mtu mtulivu, muulize kama amewahi kumwona asubuhi ya kumpandisha farasi kwenye lori. Siku hiyo aliamka hata mbwa wake bado wamejikunja. Alimpiga brashi Kahawia mpaka mnyama mwenyewe akachoka kusimama. Akamfuta macho, akamkagua kwato, kisha akazikagua tena, sijui alidhani zimebadilika. Kahawia ndilo jina lake kwa sababu ndiyo rangi yake. Huko Arkhangai, milimani Mongolia, mbwa hupewa jina, farasi huitwa kwa rangi, na hakuna anayechanganya.

Yanjmaa alifika na lori lake dogo jua likiwa ndiyo kwanza linagusa vilele vya misonobari. Huyu Yanjmaa ni mkwe wake, mama wa kijana aliyemwoa Uyanga, binti pekee wa Dagva. Ni mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, anayebeba sufu, kabichi na chochote kinachobebeka kati ya milima na jangwa la Gobi. Kwa kawaida wakwe huheshimiana na kupimiana maneno. Yanjmaa nadhani siku somo hilo lilipofundishwa alikuwa barabarani.

"Mifugo imenona, mkwe?" alisalimu akishuka.

"Imenona. Njia ilikuwa nzuri?"

"Nzuri." Alimtazama Dagva kuanzia kofia mpya hadi viatu vilivyopakwa mafuta, halafu akamtazama Kahawia anayeng'aa. "Hebu niambie vizuri nisije nikakosea. Kati yenu wawili, nani anakwenda kukatwa nywele?"

Aliyekuwa anakwenda kukatwa nywele ni Nomin, mtoto wa Uyanga, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kama wafanyiwavyo watoto wa huko wakishajua kusema, na kwenye shughuli ya namna hiyo babu hafiki na pipi. Dagva alikuwa amemwahidi mjukuu wake farasi, tena kwa simu, na Nomin akawatangazia majirani wote, hadi mbuzi. Kisha Uyanga akaichukua ile simu na kusema taratibu, "Baba, usimwambie mtoto kitu ambacho hakitafika." Basi, hakusema zaidi. Maneno hayo yakamkaa Dagva kooni tangu siku hiyo, chai haiyashushi.

Alijua yalikotoka. Miaka mitano nyuma, siku ya harusi, Uyanga alikuwa aende kwa mumewe na huyu huyu Kahawia, wakati huo bado mdogo, miguu mirefu kuliko akili. Wakampandisha kwenye lori hili hili. Kahawia akapagawa, akaruka ubao wa pembeni, akachana goti, akakimbilia mlimani. Wageni walikuwa wanasubiri upande wa pili, kwa hiyo lori likaondoka na bibi harusi tu. Binti wa nyumba inayojulikana kwa farasi akafika ukweni bila farasi. Dagva aliona aibu, na aibu hiyo akaifuga vizuri kuliko mifugo yake. Kila mwaka akawa na sababu ya kutokwenda kumtembelea binti yake: mara theluji, mara mbwa mwitu, mara mgongo. Sasa kama Kahawia asingefika na safari hii, au angefika akichechemea, Dagva asingekuwa na uso wa kumtazama Uyanga tena. Ndiyo maana aliamka mapema vile.

Yanjmaa hakuwa na haraka. Alilirudisha lori kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa korongo dogo, magurudumu yakashuka chini, sakafu ya lori ikawa sawa na ardhi ya juu. Akashuka, akajaribu kukanyaga kutoka ardhini kuingia ndani, akaridhika. Kisha akatoa jeki, mnyororo, ndoo na kila kitu kinachogongana, akavipeleka mbele kwenye viti.

"Siku ile tulimpandisha kwa ubao, na ubao ukacheza," alisema. "Leo ataingia kama anaingia zizini. Haya, nipe mavi."

"Mavi gani?"

"Ya zizini kwako, yale makavu yaliyosagika. Magunia nimekuja nayo."

Dagva alishika kiuno. "Kwenu Gobi mavi yamewaishia?"

"Yapo tele, ila hayanuki kwao Kahawia. Na ukimaliza hapo, ujaze hili dumu maji ya mto wenu."

"Mkwe, tunasafirisha farasi au tunahamisha wilaya?"

"Jaza dumu, baba."

Dagva akajaza. Alilalamika njia nzima kwenda mtoni na njia nzima kurudi, lakini alijaza. Yanjmaa akayamwaga yale mavi makavu sakafuni mpaka vishindo vya kwato visingesikika kabisa, akayasambaza kwa mguu. Kisha akanyoosha kidole kwa farasi mzee aliyekuwa amefungwa pembeni, anasinzia na mdomo wa chini umelegea.

"Na huyo anaingia kwanza."

Hapo ndipo Dagva alipogoma. Huyo alikuwa Kijivu, farasi wake mwenyewe wa kupanda. Kijivu amemvusha mito, amemrudisha nyumbani akiwa amelewa, na inasemekana amesikia mambo ambayo hata marehemu mke wa Dagva hakuwahi kuambiwa. "Kijivu haendi popote. Anayetolewa ni mmoja."

"Sijasema umtoe. Anasindikiza. Utarudi naye."

"Farasi wa mbio asindikizwe na kibabu?"

"Farasi wa mbio amejificha nyuma ya kibabu sasa hivi," Yanjmaa akasema, na kweli, Dagva alipogeuka, Kahawia alikuwa ameshalitupia lori jicho moja na kujibanza nyuma ya matako ya Kijivu. Goti lake lenye kovu lilikuwa linatetemeka. Dagva aliliona hilo goti na ubishi wote ukamwisha.

Kijivu aliingia ndani ya lori kama mzee anayeingia nyumbani kwake kuvua viatu. Alinusa sakafu, akakuta ni kwao, akageuka kuangalia mlango. Kahawia alisimama ukingoni. Alinyoosha shingo, akarudi nyuma, akanyoosha tena. Dagva akavuta kamba.

"Usivute," Yanjmaa akasema. "Mwache afikirie."

"Akifikiria ndiyo atakataa."

"Wewe je, ulipokuwa unafikiria kuoa ulivutwa kamba?"

"Nilivutwa," Dagva alijibu, na hilo lilikuwa kweli, kijiji kizima kinajua. Yanjmaa alicheka mpaka akaegemea lori. Walipokuwa bado wanacheka, Kahawia akaingia peke yake, akasimama bega kwa bega na Kijivu.

Yanjmaa akamfunga kwa kamba ndefu, imelegea, kichwa kinaweza kushuka hadi magotini. Dagva hakupenda. Kwao farasi wa maana hufungwa juu, kwenye kamba inayopita angani kati ya nguzo mbili, pua ielekee mbinguni, ili asilale, asile ovyo na apate adabu. Baba yake alifunga hivyo na babu yake alifunga hivyo. Farasi anayefungwa chini ni wa kubebea kuni. Dagva alisubiri mpaka Yanjmaa alipoingia hemani, ile nyumba ya sufu, kunywa chai, akapanda haraka, akaifupisha kamba, akapiga fundo juu kabisa kwenye bomba la lori. Akashuka akijipangusa mikono. Kahawia sasa alisimama kichwa juu, wa kuchorwa picha. Dagva alimtazama akaona fahari.

Mke wa jirani aliyebaki kuangalia mifugo alitoka na maziwa, akalinyunyizia lori nyuma yake kwa kijiko cha mbao, kama inavyotakiwa mtu akisafiri, na wakaondoka.

Hawakufika mbali. Barabara iliposhuka kuelekea mtoni, nyuma kukasikika kishindo, kisha kingine, lori likayumba. Dagva alishika dashibodi kwa mikono miwili. "Simama. Simama, mkwe, anakufa."

Yanjmaa alisimamisha lori taratibu, akazima injini, akapanda nyuma. Kahawia alikuwa amelowa jasho shingoni, macho yamemtoka, miguu ameipanua huku na huku na bado inateleza. Kijivu pembeni yake alikuwa ametulia, kamba yake ndefu. Yanjmaa aliitazama kamba ya Kahawia muda mrefu kidogo.

"Nani ameifupisha hii?"

"Labda imejikaza yenyewe," Dagva alisema kutoka chini.

"Imejikaza yenyewe, ikapanda juu yenyewe, ikapiga fundo. Tena limepigwa kwa mkono wa kushoto." Katika bonde lile zima anayepiga mafundo kwa mkono wa kushoto ni Dagva peke yake. "Kamba yenye maarifa. Nitaitafutia kazi kwenye lori."

Dagva alijifanya anakagua gurudumu. Masikio yalikuwa yanamchoma.

"Njoo upande," Yanjmaa akasema, safari hii bila mzaha. "Simama hapo katikati. Sasa mikono nyuma, shingo wima, usishike kitu."

Dagva alipanda, akasimama alivyoambiwa. Yanjmaa akarudi kwenye usukani, akalisogeza lori mbele hatua chache tu, akafunga breki. Dagva akaenda kuangukia tumbo la Kijivu, ambaye aligeuka na kumtazama kwa masikitiko.

"Wewe ungeshika ubao," Yanjmaa alisema kupitia dirishani. "Yeye hana mikono. Mikono yake ni shingo. Ukimfunga juu umemfunga mikono, halafu unashangaa anaanguka."

Hilo Dagva hakuwahi kuliwaza maishani mwake, na amekaa na farasi kuliko alivyokaa na watu. Alilifungua fundo lake, akailegeza kamba. Kahawia akashusha kichwa chini, chini, hadi magotini, akapiga chafya mara kadhaa kutoa vumbi lililomjaa puani, akavuta pumzi ndefu. Miguu yake ikarudi mahali pake. Dagva alibaki kamshika shingoni mpaka jasho likaanza kupoa. Aliona haya mbele ya farasi, na ukiona haya mbele ya farasi ujue imekuingia.

Walipoendelea, Yanjmaa aliendesha kama mtu aliyebeba beseni la maziwa limejaa pomoni. Kona ikiwa bado iko mbali alishaanza kupunguza mwendo. Kabla ya shimo alikuwa ameshakanyaga breki na kuiachia. Pikipiki ikawapita. Likawapita gari la mtu anayeuza vitunguu. Likawapita lori la kondoo, kondoo wanachungulia.

"Hata kondoo wametupita," Dagva akasema.

"Kondoo hawana wasiwasi. Wamekaa kimya, hawana babu wa kuwachungulia kwenye kioo kila dakika."

Kwa kweli Dagva alikuwa hajatulia tangu mtoni. Kila baada ya kitambo aligeuka kuchungulia dirisha la nyuma. Kahawia anasimama, Dagva anahema. Kahawia anasogeza mguu, Dagva anashika mlango.

"Farasi wako mzima," Yanjmaa alimwambia. "Itakayovunjika ni shingo yako. Na mimi sikuchukua kamba ya kukufunga wewe."

"Ungeifunga ndefu au fupi?"

"Fupi. Wewe adabu bado inahitajika."

Dagva alicheka bila kutaka. Akageuka mbele. Akakaa hivyo kitambo kizuri, halafu akachungulia tena.

Mchana walifika juu ya mlima, penye rundo la mawe lililofungwa vitambaa vya buluu. Yanjmaa aliegesha lori sehemu yenye upepo, farasi wapate hewa, akazima injini. Walilizunguka lile rundo wote wawili, kila mmoja akatupa jiwe lake, Dagva akaomba kimoyomoyo kwa ajili ya goti la Kahawia. Kisha Yanjmaa akatoa lile dumu. Kahawia akanusa maji kwenye ndoo, akatambua mto wake, akanywa hadi ndoo ikakauka. Dagva alimtazama anavyokunywa, koo linavyopanda na kushuka, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walikaa kwenye majani kula vipande vya maziwa makavu. Dagva aliona ni wakati wa kuwa muungwana.

"Haya, nimekubali. Mavi, maji, kibabu, kamba. Umeyajulia wapi haya yote? Wewe ni mtu wa kabichi."

"Nilishawahi kubeba mwoga mwingine. Kwa lori hili hili."

"Farasi wa nani?"

"Wako."

"Mimi sijawahi kukupa farasi mwingine."

"Sikusema farasi," Yanjmaa alijibu.

Dagva aliacha kutafuna. Yanjmaa hakuwa anamtazama. Alikuwa anayatazama mawe.

"Uyanga hakulia mlipokuwa mnamwangalia," alisema. "Alikaa pembeni yangu wima, na ile kofia ya harusi nzito kama sufuria, kichwa juu, adabu tupu. Ulimfundisha vizuri. Na mimi nikawa nakimbiza lori, wageni wananisubiri, nyama zinapoa. Tulipofika hapa msichana hana hata rangi usoni. Alitapikia pale, kwenye lile jiwe la bapa. Akaniomba msamaha. Anatapika huku anaomba msamaha."

Upepo ulipita kwenye vitambaa.

"Nikamwambia, vua hiyo kofia, mwanangu, uweke kichwa hapa. Akakilaza mapajani mwangu, nikaendesha kwa mkono mmoja, polepole, mpaka kwetu. Nyama zikapoa, wageni wakanuna, shauri yao. Na maji yetu ya chumvichumvi aliyakataa. Alikuwa na kichupa cha maji ya mto wenu, ananywa kwa kifuniko, mpaka kikaisha. Alikuwa hamjui mtu hata mmoja pale zaidi ya mume, na mume mwenyewe alishakimbilia kwenye mieleka." Akapangusa mikono kwenye joho lake. "Kwa hiyo leo nikataka Kijivu aje."

Desturi ni kwamba baba hamsindikizi bibi harusi. Anayekwenda ni mama, na mama wa Uyanga alikuwa ameshazikwa. Shangazi alijitolea kwenda. Dagva alikumbuka vizuri sana alivyomjibu: ya nini kumsumbua shangazi, si yupo mkwe? Siku ile alikuwa mlimani anamtafuta Kahawia, na alipompata akampaka dawa gotini akakesha naye. Farasi alimkeshea. Lakini binti yake, hata kumwuliza alifikaje hakumwuliza.

"Hakuniambia," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Angekuambia saa ngapi? Kila akipiga simu unamwuliza kama mvua imenyesha."

Dagva alitia mkono kifuani, akatoa kichupa chake cha ugoro, akampa Yanjmaa kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukishikilia kiwiko, kama anavyopewa mkubwa. Yanjmaa akapokea, akanusa, akarudisha. Hakumtania mpaka waliposhuka mlima mzima, na kwa Yanjmaa huo ni ukarimu mkubwa.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, walifika kwa Uyanga, nchi tambarare ambayo huoni mti hata ukiulipia. Watu walishaanza kukusanyika. Nomin, nywele zimemfunika uso kama kichaka, alikuwa wa kwanza kulifikia lori, na akakuta farasi wawili badala ya mmoja. Akauliza kama wote ni wake. Akaambiwa mmoja. Akakubali, lakini kwa shingo upande.

Yanjmaa alilirudisha lori kwenye tuta la udongo, wakafungua. Kijivu alitoka, akajinyoosha, akakojoa bila kujali wageni. Kahawia akamfuata, kavu, mzima, miguu minne imetua sawasawa. Uyanga alitoka hemani akijipangusa unga mikononi. Kabla ya yote aliinama, akapitisha kiganja kwenye goti la Kahawia, penye kovu, akapitisha tena. Ndipo akainuka.

"Umekuja," alisema.

"Nimemleta farasi," Dagva akasema.

"Farasi namwona, Baba. Nasema wewe umekuja."

Dagva akavua kofia, akaivaa tena. Akamnusa binti yake mashavu yote mawili, busu la huko, kama alivyokuwa akimnusa alipokuwa mdogo. Alitaka kusema jambo. Akauliza kama mvua imenyesha. Nyuma yake alimsikia Yanjmaa akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa wowote.

Kesho yake nywele zikakatwa. Mkasi uliofungwa kitambaa cha buluu ulipita mkono kwa mkono, kila mtu akakata kishungi, akatamka baraka na kutoa alichokuja nacho. Ilipofika zamu ya Dagva alikata kishungi kinene, akasema Kahawia ni wako, mjukuu wangu, ukue umpande akufikishe popote. Katikati akakohoa, akajifanya nywele zimemwingia kooni. Nje alimvua Kahawia hatamu. Ukimtoa farasi, hatamu unarudi nayo, ili heri ya farasi isihame na farasi. Uyanga akamvisha Kahawia hatamu yake mwenyewe, mpya, na Dagva akaitia ile ya zamani begani.

Alikuwa amepanga kuondoka siku hiyo hiyo. Apeleke, akate nywele, arudi. Ndivyo alivyomwambia jirani. Yanjmaa alikuwa na kabichi za kufuata kaskazini. Wakampandisha Kijivu kwenye lori, naye akaingia bila neno. Hapo Kahawia akaanza. Alilia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akazunguka kigingi mpaka kamba ikamfupikia, akaizungusha upande wa pili, akalia tena. Kijivu ndani ya lori akamwitikia mara moja tu.

"Baba, mwache Kijivu kwanza," Uyanga akasema. "Mpaka huyu azoee. Tutamrudisha."

Dagva aligeuka kumtazama Kijivu. Kurudi bila Kijivu, na ile njia ya kwenda mtoni kila asubuhi, aipite na nani? Akamgeukia mtaalamu.

"Mkwe. Itamchukua muda gani kuzoea?"

Yanjmaa alikuwa ameshashika mlango wa lori. Alifikiri kidogo.

"Mimi nimebeba waoga wawili tu," alisema. "Huyu amefika jana, simjui. Yule mwingine mwaka wa tano sasa, na kila jioni bado anatoka nje kutazama barabara ya kaskazini."

"Mama," Uyanga alimkanya. Akainama kuokota kitu chini ambacho hakikuwepo. Hakukana.

Dagva alisimama pale na hatamu begani. Alimtazama Kahawia kwenye kigingi, na Kijivu kwenye lori, na binti yake aliyeinama. Aibu aliyoifuga miaka yote ile ilikuwa ya goti. Ilimpasa aione ya binti, na hakuwahi kuitazama.

"Siku ile," alisema, "nilitakiwa nipande lori. Desturi au si desturi. Nilitakiwa nipande."

Uyanga aliinuka. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini mdomo ulikuwa wa mama mkwe wake kabisa. Miaka mitano si mchezo. "Ungepanda ungetapika kabla yangu, Baba."

"Ningetapika," Dagva akakubali.

Alipanda nyuma ya lori, akalifungua fundo, akamshusha Kijivu, akamfunga karibu na Kahawia, kamba ndefu wote wawili. Kelele zikaisha pale pale. Kahawia akashusha kichwa akaanza kula. Kisha Dagva akaenda hemani kwa Uyanga, akaitundika ile hatamu ya zamani ukutani, upande wa kulia wa mlango, mahali pa vitu vya mwenye nyumba.

Yanjmaa alikuwa amemfuata hadi mlangoni. "Mkwe, hiyo si ya kurudi nayo kwenu?"

"Ni ya kurudi nayo."

"Sasa mbona umeitundika?"

"Siku nikirudi nitaitundua."

"Na mifugo?"

"Jirani yupo."

"Na mbwa mwitu? Na theluji, karibu itaanguka?"

Dagva alikaa kwenye kiti kidogo kando ya jiko, akanyoosha miguu, akajishika kiunoni na kukunja uso kama mtu mwenye maumivu makali.

"Ningekuwa nimeshaondoka, mkwe," alisema, "ila huu mgongo. Huu mgongo hauwezi lori kabisa."

Yanjmaa alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye kabichi. Uyanga akaongeza maziwa na chumvi kwenye chai, amempa baba yake kisogo, na Dagva akaona mabega yake yanavyotikisika kwa kicheko.